Mkuyu wa Eufrasia

Niliondoka kijijini kwetu Mwamapalala wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia. Kila nikirudi, niliuona mkuyu mlimani nikajua pale ni kwa dada yangu Eufrasia. Safari hii niliona nguzo za chuma tu, mlima hadi mlima, zote sawa. Nikapotea, nikaingia mji wa mama mmoja.

"Mwadila, babu," alinisalimu kwa Kisukuma. "Unatafuta nani?"

"Eufrasia, kwenye mkuyu."

"Kumbe ndiwe Mashimba mzururaji! Mkuyu ulikatwa laini ya umeme ilipopita. Dada yako aliukumbatia, akilia, 'Kaka yangu ataujuaje mji?' Alikungoja, akachoka, akahamia Mwandoya."

"Nitampataje?"

"Fuata nguzo, babu. Zinaelekea hukohuko."

Alinionyesha kisiki cha mkuyu; nilikikalia kwa muda, peke yangu. Kisha nikazifuata.