Tepu ya Bwana Sentimita

Mtaani walimwita Bwana Sentimita, na yeye alidhani ni sifa.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa majengo, na katika miaka yote hiyo hakuna ukuta uliowahi kumpendeza. Alifika kwa watu na tepu yake ya chuma, akapima, akasonya, akaandika. Aliyekosea sentimita tatu alibomoa. Kuna mjane alikosea mbili, naye akabomoa, kisha akasomewa kanuni akiwa amekaa juu ya matofali yake mwenyewe. Kisa hicho Bwana Sentimita alipenda kukisimulia mezani, huku akijimegea nyama. Mkewe alikuwa ameshakisikia mara arobaini, na kila mara aliinuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kustaafu hakukumpunguzia kiburi hata chembe. Alikosa tu mahali pa kukimwagia, mpaka ukuta wa nyuma wa gereji yake ulipopata ufa.

Gereji yenyewe haikuwa imeona gari tangu watoto wakiwa wadogo. Humo ndimo mkewe alimoshonea mapazia na vitambaa vya makochi, kwa cherehani tatu nzito, meza kubwa ya kukatia na marobota ya vitambaa mpaka darini. Nusu ya mji ililala nyuma ya mapazia yake. Ufa ulipoonekana, mama alikuwa na kazi ya hoteli nzima mkononi.

"Tuupake plasta, baba," alisema. "Fundi anamaliza kwa siku moja."

"Plasta?" Mzee alicheka kwa pua. "Viraka ni vya watu wasiojua kujenga. Naibomoa, naisimamisha upya. Kibali kwangu ni kuvuka barabara tu. Ile ofisi nimeizaa mimi."

Akaibomoa. Siku mbili, kwisha. Cherehani zikahamia barazani chini ya turubai, meza ikaegemezwa ukutani, marobota yakalala kwenye vitanda vya watoto walioshaolewa na kuhama. Ndipo Bwana Sentimita alipovaa koti na kwenda kuchukua kibali, kinyumenyume, kama mtu anayekumbuka kunawa akiwa ameshamaliza kula.

Kwenye kaunta alimkuta binti mwenye kompyuta. Hakusimama. Hakuonyesha hata dalili kwamba amewahi kumsikia.

"Barabara imepanuliwa, mzee," alisema akitazama ramani. "Gereji mpya haiwezi kukaa hapo."

"Ilikuwa hapo miaka ishirini."

"Ungeikarabati, ingebaki. Ukarabati hauhitaji kibali. Lakini umeshaibomoa."

Hilo alilijua. Alikuwa amewaambia watu mia hilohilo, wengine wakilia, na yeye hakumwonea huruma hata mmoja. Sasa alikuwa anaambiwa yeye.

"Lakini mnaruhusiwa mabanda ya mbao," binti akaendelea. "Kila moja lisizidi mita kumi za mraba, lisiwe na msingi, na kati ya banda na banda ziwe mita tatu kamili. Zikipungua, yanahesabiwa jengo moja, na jengo moja linataka kibali. Mkaguzi anakuja mara moja. Akiyakataa, yanafungwa, na ukaguzi mwingine ni baada ya siku tisini."

Uso wa mzee ukanawiri. "Unajua nani aliandika hiyo ya siku tisini?"

"Hapana."

"Mimi. Ili watu wajifunze."

Binti alimtazama kidogo, kisha akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, uzi ukiwa mdomoni. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya kila jioni, na turubai lilikuwa na matundu.

"Sikia, baba watoto," alisema. "Mvua ikinikuta barazani, mimi na cherehani zangu tunahamia kwa dada. Ana chumba kikavu. Na kule nitakakoshonea ndiko nitakakolala. Sitishi mtu."

Hakuwa na tabia ya kutisha mtu. Hilo ndilo lililomkosesha mzee usingizi, ingawa asubuhi alisema ni mbu.

Fundi seremala aliletwa, mtu mpole mwenye penseli sikioni, na kwa wiki nzima akavumilia kuitwa kila jina baya. Mabanda matatu, moja la cherehani, moja la meza, moja la vitambaa, yalitakiwa kuingia kwenye kiwanja bila kugusa uzio. Fundi alitoa tepu yake ya manjano.

"Weka hiyo mbali," alisema Bwana Sentimita. "Hiyo ni ya watoto kuchezea."

Akaleta ya kwake. Ilikuwa tepu ya ofisini, ya chuma, aliyoondoka nayo siku ya kustaafu kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwuliza. Ncha yake ilikuwa imekatika zamani, sentimita ishirini nzima, kwa hiyo namba zilianzia ishirini. Ofisi yote ilijua: ukipima na tepu ya mzee, toa ishirini. Yeye alikuwa akitoa kichwani bila hata kufikiri. Lakini alikuwa hajapima kitu kwa miaka minne, na siku hiyo kichwa chake kilikuwa na kazi moja tu, kumdharau fundi.

"Tatu kamili," alitangaza, akaweka alama chini.

Fundi alipima tena mzee alipoingia ndani. Akapima mara ya pili. Mzee alipotoka akamwambia, "Kwangu inakuja mbili na themanini."

"Kwako! Nani amekuuliza kwako?"

Fundi akapigilia misumari pale alipoambiwa. Jioni alimnong'oneza mama. Mama alikwenda kwa mumewe, akamweleza taratibu, akafukuzwa na mkono kama nzi. Basi akaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo mkaguzi awe mvivu.

Mungu alisikia. Mkaguzi aliyekuja alikuwa kijana mchovu mwenye nyumba nyingine tisa za kukagua siku hiyo. Alisalimia vizuri, akasifu mbao, akapewa kiti asikikalie. Majirani walikuwa wamejipanga nje ya uzio, maana Bwana Sentimita kukaguliwa si jambo la kulikosa. Mawingu yalikuwa yameshika paa.

Kijana alipima banda la kwanza, sawa. La pili na la tatu, sawa. Kisha, ili apime nafasi kati ya mabanda, akampa fundi ncha ya tepu, akasimama mbali, tepu ikining'inia katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuinama hata kuisoma vizuri.

"Tatu," alisema, akaandika. "Hongereni. Mama, unaweza kuingiza vitu vyako."

Mama alikuwa ameshashika kifuniko cha cherehani ya kwanza. Fundi alikuwa anatazama viatu vyake.

Na hapo ndipo yangekwisha, kama Bwana Sentimita angekuwa mtu mwingine. Lakini ile tepu iliyolegea alikuwa ameiona. Miaka thelathini na moja ilimpanda kichwani.

"Hivyo ndivyo mnavyofundishwa siku hizi?" alifoka. "Unapima au unaanika suruali? Lete hapa!"

"Mzee, imeshaisha. Nimeandika."

"Baba," mkewe akasema. "Mwache mtoto wa watu aende."

"Haondoki mpaka aone kazi inavyofanywa!"

Alimnyang'anya tepu. Akapiga goti kwenye vumbi, akakaza ncha kwenye ubao, akaivuta mpaka ikalia. Alitaka majirani wote wasikie, kwa hiyo akasoma kwa sauti ile ya zamani, ya kazini.

"Mbili na themanini!"

Aliisikia sauti yake kabla ya kuielewa. Akasoma tena, safari hii kimya. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, ukaigusa ile tepu ya chuma, pale ncha ilipokatika.

Nje ya uzio hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee," kijana alisema polepole, "mimi nilikuwa nimeandika tatu." Akawatazama majirani kumi na wawili walioshuhudia, akafuta, akaandika upya. Kisha akatoa kopo la rangi nyekundu kwenye mkoba, akaweka alama kwenye milango mitatu. Siku tisini.

Mama alirudisha kifuniko juu ya cherehani. Alifunga turubai, akamwomba fundi amsaidie kutafuta gari la mizigo, akampigia dada yake. Hakupaza sauti. Tone la kwanza lilidondoka kwenye bati alipokuwa bado anaongea.

Bwana Sentimita alikuwa amekaa juu ya matofali ya gereji, vumbi magotini.

"Ni sentimita ishirini tu, mama," alisema.

Mkewe alisimama. Katika miaka yote ya ndoa hakuwa amewahi kumsikia akitia neno hilo "tu" baada ya kipimo.

"Kamwambie yule mjane," alijibu, akaingia ndani kukunja vitambaa.