Bawa Lililofunikwa

Mama mkwe wangu alikuwa anaficha kitu. Tangu Jumatatu, kila nilipoingia karakanani alivuta leso haraka akafunika bawa lililokuwa mezani pake.

Karakana yetu iko Rongo. Tunaunda ndege ndogo zisizo na rubani, za kupeleka damu kwenye zahanati za visiwani, upande wa Homa Bay. Filister, mama mkwe, hubandika mabawa. Mimi ni mkaguzi. Nagonga bawa kwa sarafu ya shilingi ishirini kutoka mwanzo hadi ncha. Likitoa mlio mkali, gundi imeshika. Mlio ukiwa mzito, ndani kuna uwazi, na bawa hilo linaweza kuchanika angani huku mzazi anavuja damu akiisubiri ndege. Likiwa zima nalipiga muhuri wangu, namba saba.

Namshuku kila mtu, wala sioni haya kusema. Omanga, fundi wa mota, huniita polisi. Lakini Filister ndiye aliyemzaa mke wangu, na kwetu mkwe hasogelewi ovyo wala hatazamwi machoni. Ningeanzaje kusimama begani pake nikigonga kazi yake, kama ninayemtafutia kosa? Alikuwa akinipisha, napiga muhuri, naenda zangu.

Ila ile leso iliniwasha. Anapunja gundi? Anaiuza? Alhamisi, alipotoka kwenda kula, niliifunua. Bawa lilikuwa na muhuri wangu wa Jumatatu. Nikaligonga. Karibu na ncha, mahali pa ukubwa wa kiganja, mlio ukawa mzito.

Nimemkamata, nikajisemea, na nakiri nilifurahi.

"Leo umegonga?"

Filister alikuwa mlangoni, ananitazama machoni. Mimi ndiye niliyeinamisha uso.

"Mama, hapa hakuna gundi."

"Najua. Niliacha makusudi, Baba Joyline. Niliona hugongi zangu, nikasema wacha nijue. Na ukapiga stampu! Nikafunika ndio mtu asichukue." Akasogea. "Hiyo heshima niletee nyumbani. Hapa gonga."

"Na yale mengine?"

"Ni mazuri. Mimi najua kazi yangu. Wewe ulijuaje?"

Mabawa yake kumi na manne yalikuwa yameshafungwa kwenye ndege saba, na zote zinaruka. Nilimpigia simu bosi wetu, Dorine, nikamwambia azizuie zote hadi nizikague upya.

Dorine akauliza, "Shida ni kazi ya nani?"

Karakanani anayepiga muhuri bila kugonga hufutwa kazi siku hiyohiyo. Bawa bovu lilikuwa mbele yangu, na aliyelibandika alikuwa amesimama palepale. Jina lake lilinijia mdomoni, nisifiche.

"Yangu," nikasema.