Nusu ya Maji

Mimi nikieleza kitu mara moja, nimeeleza. Wateja wangu wa Mwisenge wananijua. Nikikwambia mshono unapita hapa na pindo linaishia hapa, sirudii, maana nina cherehani mbili na sare za shule zimejaa hadi mlangoni. Kwa hiyo mnaweza kufikiria hali yangu Alhamisi ile, nilipofunga kibanda siku nzima kuwasindikiza watu wawili wa nyumba moja hospitali mjini, na wote wawili wakatoka na habari mbaya.

Wa kwanza ni mama yangu mzazi, anayekaa kwetu Kiriba na kuanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Presha yake ilisoma mia na sabini na nane kwa mia na nne. Miezi mitatu iliyopita daktari alimwachisha vile vidonge viwili alivyokuwa anavichanganya, kimoja cha presha na kimoja cha kupunguza maji mwilini, akampa kimoja tu chenye dawa zote mbili ndani. Nikamshukuru Mungu, nikajua nimepumzika. Kumbe wapi!

"Mama, unameza kila siku?" daktari akamuuliza.

"Kila siku, baba. Sijarukaga hata moja."

"Basi nitakuongezea nguvu ya dawa," akasema, akaandika.

Nikachukua hiyo dawa mpya dirishani nikiwa nimenuna. Dada wa dawa akaanza kueleza, nikamwambia asante dada, tunaijua, ni ileile. Na miezi mitatu nyuma nilimwambia hivyohivyo, kwamba nimeelewa, mama nitamweleza mwenyewe.

Wa pili ni Hilda, mke wa mdogo wangu Danford. Huyu ndiye aliyeniumiza roho. Miaka minne ndani ya ndoa, mimba mbili zimetoka, na hii ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Danford yuko Bunda anajenga nyumba za watu, na tayari alikuwa ameshanunua beseni la kumwogeshea mtoto, la bluu, analipiga picha na kunitumia kana kwamba mimi sijawahi kuona beseni. Sasa nesi wa zahanati ya kijijini alikuwa amepima tumbo mara mbili akaona halikui, akasema nendeni mjini mkapige picha.

Daktari wa wajawazito, mama mmoja mpole aitwaye Benedikta, alizungusha kile kifaa cha kupigia picha tumboni mpaka nikachoka kusimama. Kisha akafuta tumbo la Hilda kwa karatasi taratibu.

"Maji anayoogelea mtoto yamepungua sana," akasema. "Yakiendelea kupungua tunaweza kumpoteza. Hilda, kuna dawa yoyote unameza? Ya maumivu, ya presha, mitishamba?"

Hilda akamwangalia mama. Mama alikuwa amesimama kichwani kwa kitanda, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Za kliniki tu," Hilda akasema, akaangalia chini.

Mimi yale macho niliyaona! Nikajua huyu anaficha kitu. Daktari akampa wiki moja: apumzike, anywe maji, asiguse dawa yoyote asiyoandikiwa, arudi Alhamisi ijayo. Akaandika na namba yake kwenye kadi, tupige tukiona lolote.

Tukiwa kwenye bajaji kuelekea stendi nikaanza. Nilisema ni mama yake Hilda, wa Butiama, yule ana mizizi ya kila ugonjwa, ndiye anayemtumia vichupa. Nilisema mimba mbili za kwanza nazo labda ziliondoka kwa dawa hizohizo. Ndiyo, nililisema hilo, na Hilda amekaa katikati yetu amelishika tumbo. Akalia bila sauti. Mama akasema, "Eunice, mwache mwenzio," nami nikamjibu, "Mama, nyamaza, wewe na presha yako!"

Nikampigia Danford palepale. "Mkeo kuna mtu anamnywesha vitu," nikamwambia. "Leo nalala Kiriba. Nikimjua huyo mtu, haki ya Mungu, atanitambua."

"Mtafute, dada," Danford akasema. "Ukimpata, nipe simu niongee naye mwenyewe."

Tulipofika nyumbani nikapekua. Nilifungua sanduku la Hilda, nikapekua chini ya godoro, nikainua mpaka vyungu vya jikoni. Sikupata kichupa, sikupata mzizi. Nikapata vidonge vya kuongeza damu vya kliniki na nguo tatu za mtoto alizoshona kwa mkono, na mishono imepinda. Hilda alisimama mlangoni akiniangalia, akasema tu, "Wifi, ukimaliza nitapanga mwenyewe." Nililala nimechukia kila mtu.

Asubuhi nikaamka mama ameshakoka moto. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, uji pembeni, na boksi la dawa mpya mapajani. Akatoa kidonge, akakiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, akachukua kisu. Tap! Kikakatika katikati, palepale kwenye mstari. Nusu moja akaitia mdomoni akaishushia na uji. Nusu ya pili akaiweka kwenye kisahani.

"Mama," nikasema, "unafanya nini?"

"Si nameza dawa."

"Mbona unakata?"

"Hii ni ya presha, nimeshameza. Hiyo nyingine ni ya maji, mimi siiwezi." Akaongea kawaida kabisa, anapuliza uji. "Inanikojoza, Eunice. Mwaloni pale kuna choo? Nikiinama kugeuza dagaa, mkojo. Nikisimama, mkojo. Wanaume wamejaa pale wanashusha mitumbwi, nitaenda wapi mimi mtu mzima? Nimeiacha."

Jamani! Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kelele. Miezi mitatu mama yangu anameza nusu ya dawa, daktari anakuna kichwa presha haishuki, na jana kamwongezea nguvu.

"Mama, hakina upande wa presha na upande wa maji! Dawa zote mbili zimesagwa pamoja, zimechanganywa kama unga na chumvi. Ukikata, kila nusu ina zote mbili. Ungesema inakukojoza, daktari angekupangia saa nyingine ya kumeza. Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie yule kijana habari za mkojo?"

Nikaangalia kile kisahani. Nusu ilikuwa bado ipo, nyeupe, na unga kidogo pembeni.

"Na hizi nusu nyingine," nikauliza, "unatupa wapi?"

"Nitupe dawa?" Mama akashangaa kweli. "Dawa uliyohangaika nayo wewe? Nampa Hilda. Miguu yake imevimba tangu mwezi ule wa tano, imejaa maji. Si ndiyo dawa yake hiyo?"

Nikakaa chini pale jikoni, kwenye majivu, na gauni langu.

Hilda alikuwa ameingia kuchukua uji wake, amejifunga kanga. Alisikia yote.

"Hilda," nikasema, "jana daktari alikuuliza."

"Aliuliza ya presha, wifi. Mimi napewaga ya miguu." Kisha akasema polepole, "Na mama alikuwa amesimama pale. Nitamsemaje mama mkwe wangu mbele ya daktari? Nilingoja aseme yeye."

"Mimi sikuulizwa," mama akasema. "Eunice, kwani ni mbaya? Ni nusu tu."

Nikampigia Daktari Benedikta kwa ile namba. Alipokea mara ya pili. Nikamweleza habari ya zile nusu, nikamtajia jina lililoandikwa kwenye boksi, akavuta pumzi nikaisikia. Akasema moja ya dawa zilizo humo mjamzito haruhusiwi hata chembe, inaziumiza figo za mtoto, na maji yanakauka. Akasema Hilda asimeze tena, na tumlete leo leo. Mama naye aje: asimeze ile kali mpaka apimwe upya, maana hajawahi kumeza dozi nzima.

"Maji yatarudi?" nikauliza.

"Mara nyingine hurudi dawa ikiachwa. Mara nyingine hapana. Leteni tuone. Na nani alimwambia bibi akate?"

Nikamgeukia mama. Hapo ndipo nilipotaka kumsema vizuri, na nilikuwa na maneno ya kutosha.

"Daktari anauliza nani alikufundisha kukata."

Mama akaniangalia kwa mshangao.

"Si wewe, mwanangu? Pale kibandani kwako. Ulikuwa unashona, na yule mama wa sare amesimama anakuharakisha. Ukatoa kidonge, ukapitisha ukucha kwenye mstari. Ukasema, 'Mama, huku presha, huku maji, umeelewa?' Nikasema nimeelewa." Akaanza kulia. "Na kwako mstari wa chaki si ndipo pa kukata?"

Nikakumbuka. Nilikumbuka hata rangi ya uzi uliokuwa kwenye mashine. Nilikuwa nimeng'ata pini mdomoni, nikasema maneno hayo bila kuzitoa, kisha nikarudi kwenye kola. Mama alikaa kidogo, akafungua mdomo kuuliza kitu, nami nikamwambia gari la Kiriba litakuacha.

Daktari alikuwa bado anasubiri kwenye simu. Nikamwambia tunakuja.

Hilda alishakwenda kuvaa. Alirudi amebeba kadi yake ya kliniki na zile nguo zake tatu za mishono iliyopinda, amezifunga kwenye kitambaa. Sikumuuliza anazibebea nini. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kila neno nililolipata lilikuwa dogo, nikambebea mkoba tu.

Tulikuwa barabarani tunangoja gari simu ikalia. Danford.

"Dada, umempata?"

Mama akanivuta mkono. "Mwambie ni mimi," akaninong'oneza. "Mimi ni mzee, atanisamehe. Wewe usijitaje."

Hilda alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu yake iliyovimba mbele yake, ameweka mkono tumboni. Anangoja mtoto acheze.

"Nimempata," nikasema.

"Nipe niongee naye."

"Unaongea naye, Danford. Ni mimi."

Nilisikia nyundo za wenzake huko Bunda zikigonga, na mtu anaita zege. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaanza kueleza kitu polepole, tangu mwanzo, na aliponiambia nirudie, nikarudia.