Kopo Jipya la Maziwa

Mwaka ule watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Tura, wakaacha mihogo yao kwenye mashamba ya zamani na mvua ikagoma kunyesha, Nesi Apolinaria alikuwa na watoto kumi na mmoja wenye utapiamlo katika zahanati. Kila asubuhi aliwapima uzito, na kila asubuhi mshale wa mizani ulirudi nyuma.

Hakuelewa. Maziwa ya unga ya msaada yalikuwepo. Karatasi ya ukutani ilitaja kalori za kila mtoto kwa siku, naye alipima kwa kufuata maandishi ya kopo, bila kupunja hata kijiko. Akaanza kuwashuku kina mama kwamba wanakunywa wao. Siku moja alimgombeza mbele ya wenzake Veneranda, ambaye mwanawe Masele alikuwa amebaki macho tu. Kesho yake mtoto wa Sikuzani, mmoja wa wale kumi na mmoja, akafa.

Walipotoka kuzika, Apolinaria alijifungia stoo, akasoma makopo upya. La zamani: gramu mia, kalori mia tano. Hili jipya: gramu mia, elfu mbili na mia moja. Maziwa gani yanazidi mengine mara nne? Pembeni ya tarakimu kulikuwa na herufi mbili asizozijua. Akalibeba kopo mbio mpaka shuleni kwa Mwalimu Raymundi.

Mwalimu akalitazama. "Hizi ni kilojuli, Nesi, si kalori. Nguvu ni ileile, kipimo ndicho kingine. Gawanya kwa nne nukta mbili."

Akagawanya kwa chaki. Mia tano. Wiki tatu nzima, tangu makopo mapya yafike, alikuwa akiwapa watoto robo ya chakula chao, tena kwa uangalifu mkubwa.

Aliongeza vipimo kidogo kidogo, maana matumbo yale yasingestahimili wingi wa ghafla. Siku ya sita uzito wa Masele ulipanda, na wengine wanane wakamfuata. Mmoja alikufa kabla nguvu hazijamrudia.

Apolinaria alimwomba Veneranda radhi hadharani. Kwa Sikuzani alikwenda peke yake, akaeleza yote tangu mwanzo. Sikuzani alisikiliza huku akichambua mboga za porini.

"Kwa hiyo alipokuwa akilia, ilikuwa njaa tu?"

"Ndiyo, dada. Njaa."

Sikuzani hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Apolinaria akaketi chini, akavuta fungu la mboga, akaanza kuchambua.