Mpaka Nukta ya Mwisho

Bi Chapa alikuwa na mtindo uliowachosha wenye haraka. Kabla mteja hajaweka dole gumba, lazima amsomee karatasi yote kwa sauti, kuanzia tarehe mpaka nukta ya mwisho. Kwenye baraza ya ofisi ya ardhi watu waliwahi benchi la karibu na mashine yake ya kupigia chapa, wasikie nani anagombea kiwanja na shemeji yake, na nani kumbe ana mke wa pili.

Saa nne karani alitoka na rundo la fomu, akamwinamia sikioni. Ni za wapangaji wa vile vyumba ishirini nyuma ya soko, akasema, wameshaambiwa ni matengenezo ya paa. Waweke dole tu, wasomewe nini. Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akamwambia kibali cha meza yake kimekwisha tangu mwezi wa pili, ada imepanda mara tatu, na yeye amenyamaza kwa utu tu.

"Tunaelewana, dada?"

Bi Chapa akaitazama fomu ya juu. Aya ya tatu ilikuwa fupi: mpangaji anakubali kuhama kwa hiari ndani ya siku thelathini, bila madai yoyote.

Hakuwahi kukaa chini akajiuliza anaamini nini maishani; hayo aliwaachia wenye nafasi. Alijua tu kwamba alipokuwa darasa la nne, baba yake aliweka dole kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya kuhesabu mifugo, na mwezi haukuisha wakahamia stoo ya shangazi, watu saba. Baba hakumlaumu aliyemdanganya. Alikaa akilitazama dole lake.

Alijua pia kwamba mvua zi karibu, na mashine haikai chini ya mwavuli. Binti yake alikuwa anasomeshwa na baraza hii.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi muuza mkaa.

"Mwanangu, mimi wino ninao tayari," akacheka, akionyesha vidole vyeusi. "Wewe nionyeshe pa kugusa."

"Ngoja kwanza, bibi. Nikusomee."

Karani akakohoa. Bi Chapa akasoma. Aya ya tatu akairudia kwa nguvu hadi kinyozi wa ng'ambo ya barabara akazima mashine yake.

"Kuhama?" bibi akauliza. "Si paa?"

"Ni kuhama, bibi. Humu hamna paa."

Hakuna aliyeweka dole. Kabla ya saa sita askari wa ofisi walishaibeba meza yake na kuitupa juani. Alasiri akaletwa mpiga chapa mwingine, mwepesi wa mikono, asiye na habari ya kumsomea mtu. Wapangaji wakaitwa mmoja mmoja. Bibi akasogezewa fomu na kidau cha wino.

Akaficha mikono kwapani.

"Nisomee," akasema.