Meno ya Upande Mmoja

Masele na shemeji yake Ngeleja walikuwa wamevutana msumeno mmoja kwa miaka tisa, huyu mpini huu, yule mpini ule. Mtu wa Lalago akitaka nguzo au mbao, aliwaita wote wawili. Hakuna aliyewahi kumwita mmoja.

Mwaka 1975 watu wa vitongoji vinne walihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mahali palipojaa migunga. Bwana Misitu akaja na Landrova, amepakia misumeno miwili midogo ya mashine, mmoja mwekundu, mwingine wa manjano.

"Kijiji kitabaki na mmoja," alisema. "Keshokutwa tutaipima. Matawi kwanza, kisha magogo. Masele atashika mwekundu, Ngeleja wa manjano. Atakayeshinda ndiye fundi wa kijiji, na hatalima shamba la pamoja."

Siku mbili walijifunza kwa kubadilishana. Wa manjano ulikuwa mzito na ulichosha mabega. Mwekundu ulikuwa mwepesi. Uliingia katikati ya matawi yenye miiba na kutoka bila kunasa.

"Kwa matawi huu hauna mpinzani," Ngeleja mwenyewe alisema. "Wangu labda kwenye gogo."

Wakakubaliana kwamba yeyote atakayeshinda, kazi watapokezana kwa zamu.

Asubuhi ya kupima, Ngeleja alikuwa amekaa na tupa, ananoa. "Lete na cheni yako," alisema. "Wewe na tupa hampatani." Ilikuwa kweli, na miaka yote tisa yeye ndiye aliyenoa. Masele akampa, akaenda kunywa uji na wageni.

Migunga miwili iliyoangushwa ililala kando kwa kando. Bwana Misitu alitazama saa yake, akashusha mkono. Tangu tawi la kwanza Masele aliona mashine inapinda. Alielekeza chini, yenyewe ikakimbilia kulia. Alipofika kwenye gogo ikanasa katikati, ikatoa moshi. Alipoinua kichwa, Ngeleja alikuwa amemaliza, anajifuta jasho.

"Wewe umeishika yote miwili," Bwana Misitu alimwuliza Ngeleja. "Unasemaje?"

"Ule mwekundu ni wa kuchezea. Hauwezi miti ya huku."

Masele alimtazama. Ngeleja hakumtazama.

Alipokuwa akiifuta mashine ili airudishe, Masele alipitisha kidole kwenye cheni. Meno ya kulia yalikuwa makali. Ya kushoto, moja baada ya jingine, yalikuwa yamesuguliwa kwa tupa mpaka yakawa butu. Bwana Misitu alisimama hatua kumi tu kutoka pale. Lakini Justina, mke wa Masele, alikuwa anampigia kaka yake vigelegele, na Masele akashindwa kufungua mdomo.

Jioni alimfuata Ngeleja kwake.

"Meno ya kushoto uliyafanya nini?"

"Mimi nina watoto tisa, shemeji. Wewe una wawili."

"Ungeniomba ningekuachia."

"Najua. Sikutaka kuachiwa."

Masele alirudi nyumbani akamweleza mkewe. Justina alijifunga kanga yake, akaenda kwa kaka yake peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Amekiri," alisema. "Baba Felisita, nenda ukaseme. Usimfiche kwa ajili yangu."

Kesho yake Masele alikwenda ofisi ya misitu, Maswa. Bwana Misitu alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. Mwekundu ulikwisha pelekwa kijiji kingine, na karatasi zilikuwa zimesainiwa.

"Ungesema palepale," alisema.

Wa manjano ukabaki. Ngeleja aliangusha miti vizuri, lakini matawi yalimshinda. Bega lilivimba, na mwenyekiti akaamuru matawi yakatwe kwa mashoka, kila kaya kwa zamu yake. Watu walinung'unika kwamba serikali imewaletea mashine mbovu. Masele aliwasikia, akaendelea na shoka lake.

Msimu wa palizi alikuwa kwenye shamba la pamoja la pamba, Ngeleja alipopita na mashine begani.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila," Masele aliitikia, kwa kuwa salamu haikataliwi. Kisha akainama kwenye tuta lake na kuendelea kupalilia, na Ngeleja, baada ya kusimama kidogo, akaenda zake.