Muhuri wa Haraka

Muhuri ulikuwa wa mpira, wino wake mwekundu, na juu yake neno moja tu la Kiingereza: EXPEDITE. Bosi aliuagiza mwenyewe, akawakusanya wafanyakazi kwenye korido awafafanulie. Hiki ni kitenzi, alisema. Maana yake harakisha, himiza, usilikalie jambo. Akatoa na mifano miwili, kisha akatoka mbio kuwahi kikao.

Mama Chai alikuwa mlangoni na birika lake. Neno alilisikia, akaliweka. Hakulihitaji mpaka Jumatatu ile binti yake alipompigia simu.

"Mama, daktari anasema wiki haiishi. Nakutaka wewe. Mama mkwe simtaki, ataniombea mpaka mtoto aogope kutoka."

Basi Mama Chai akaomba likizo. Barua aliichapa katibu muhtasi, msichana wa kucha ndefu na roho nzuri, na kwa mapenzi yake akaigonga muhuri: pa!

"Hii sasa ina mabawa, mama. Kesho unaondoka."

Kesho ikaja ikapita, na kesho yake vilevile. Alhamisi asubuhi, akimpelekea bosi chai, Mama Chai akazitazama vizuri zile trei mbili za mezani. Ya kulia ilikuwa tupu. Ya kushoto ilikuwa mlima, kila karatasi nyekundu usoni kama imezabwa kofi. Barua yake ilikuwa mle, juu ya ombi la feni lililoandikwa wakati wa joto. Sasa watu walikuwa wanavaa masweta.

Akashuka masjala kwa karani mkuu, mzee wa sukari vijiko vitano.

"Mzee mwenzangu, trei ya kushoto ina nini?"

"Mambo ya haraka. Hayo anayasoma bosi mwenyewe, akipata utulivu."

"Na huo utulivu anaupata lini?"

"Tunausubiri. Huu mwaka wa pili."

"Na barua zisizo na muhuri?"

"Hizo yatima. Nazisaini mimi kwa niaba yake, kabla chai haijapoa."

Mama Chai akajishusha juu ya boksi la karatasi. Kumbe neno ni kama mkwe: siku ya posa mwingine, ukishaishi naye mwingine.

"Nifutie basi hiyo haraka."

"Muhuri haufutiki, mama. Na barua ikishaingia kwa bosi haitoki bila saini. Labda iharibike, hapo inachapwa upya."

"Iharibike vipi?"

Karani akaangalia dari. "Maji, panya. Mimi sijui, mimi mtu wa mafaili."

Miaka kumi na tisa Mama Chai hakuwahi kumwaga hata tone. Alishapita na sinia katikati ya watu wanaokunjana mashati, vikombe visitikisike. Saa nne akapanda, birika limejaa pomoni. Bosi alikuwa kwenye simu, anamwapia mtu kwamba jambo lake linaharakishwa. Mkono wa Mama Chai ukateleza, ukateleza tena, na ili pasiwe na shaka ukateleza mara ya tatu.

"Mama, leo una nini?" bosi akauliza, ameziba simu kwa kiganja.

"Haraka, baba. Haina baraka."

Barua ikachapwa upya. Katibu muhtasi aliponyanyua muhuri, Mama Chai akamshika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, umeshanipenda vya kutosha."

Saa tano karani akasaini. Usiku wa Ijumaa mjukuu akazaliwa, wa kike, bibi yake amemshika mama mtu mkono, na mama mkwe anaomba kule jikoni, mlango umefungwa.

Aliporudi kazini alikuta feni jipya linazunguka masjala, maana ombi lake nalo lililowa chai. Chini yake karani amejifunika koti mpaka masikioni. Na mlangoni pa jiko la chai kulikuwa na foleni ya watu saba, wote wanaongea kwa kunong'ona.

"Mama, na mimi nina barua yangu kule kushoto," akaanza wa mbele.

Mama Chai akawasha jiko bila kugeuka.

"Ya maziwa au ya rangi?"